Kihisi cha CO2 cha inkubeta ya kujitengenezea: tazama kikomo kabla ya bei

Mkuu, umeuliza kati ya vihisi vya MQ-135 na MH-Z19 ni kipi kitafaa kwa inkubeta ya seli ya lita 50 itakayoshikilia CO2 5%. Hakuna. 5% ni ppm (sehemu kwa milioni) 50,000, na MH-Z19 huishia 5,000 au 10,000 kutegemea toleo. MQ-135 ndiyo kabisa, hata spiriti ya kufutia meza inaishtua.

Tafuta ama cha infraredi chenye kikomo cha 20%, mfano ExplorIR-W, ama STC31 ya Sensirion inayopima gesi inavyopitisha joto, hadi 25%. STC31 ni rahisi zaidi mfukoni, ila ina deni lake: kwenye nyuzi 37 na unyevu 95%, mvuke wa maji peke yake ni karibu 6% ya hewa, yaani kuzidi hiyo CO2 unayoitafuta. Usipoipa kila mara joto na unyevu kutoka kihisi cha SHT kilichokaa ubavuni mwake, namba zake ni za kubahatisha.

Cha infraredi adui yake ni umande. Kikiwa ndani, kioo kinafunga ukungu na namba zinaruka ovyo. Kiweke nje kwenye kiboksi chenye joto la nyuzi 40 hivi, uvute hewa kwa pampu ndogo kupitia kichujio cha mikroni 0.2, kisha uirudishe ndani. Mpira wa kupitisha hewa uwe mfupi na ufunikwe. Ukipoa, maji yanajikusanya humo. Zima pia usahihishaji wa kujiendesha, kwa sababu huchukua namba ya chini kabisa iliyoonekana na kudhani ndiyo hewa ya nje. Ndani ya inkubeta hewa ya nje haifiki, kwa hiyo 5% itageuzwa sifuri polepole.

Walio Nairobi wazingatie hili: kanieneo ya hewa huko ni karibu 83 kPa, si 101 kama usawa wa bahari. pH ya midia (majimaji ya kukuzia seli) hufuata kanieneo ya CO2 peke yake, si asilimia. Infraredi isiyorekebishwa kwa mwinuko nayo hufuata kanieneo, basi iache isome 5%. STC31 hufuata asilimia, iwekee 6%.

Kujaza lita 50 kunahitaji kama lita 2.5 za CO2. Shusha presha kwenye regyuleta ya mtungi wa CO2, funga kizuizi chembamba, valvu ifunguke nusu sekunde kisha isubiri sekunde 30 feni ikichanganya. Ukiiacha wazi hadi 5% isomeke, utajikuta 8%, maana kihisi huchelewa.

Kuhakiki: hewa ya nje kwanza, halafu ndoo ya lita 10 iliyofunikwa, yenye tundu dogo, uingize mililita 500 za CO2 kwa sirinji taratibu huku feni ikizunguka. Isome karibu 4.9%, ila infraredi isiyorekebishwa ikiwa Nairobi itasoma karibu 4%.

MH-Z19 kama umeshainunua usiitupe. Itundike chini ukutani karibu na mtungi, ilie ikifika ppm 5,000. CO2 ni nzito na hukaa chini.