"Wa kwanza" wa nini? Niliyojifunza kwenye chemsha bongo Kisumu

Swali lililotuponza lilikuwa fupi: mwigizaji gani mweusi alikuwa wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar? Msomaji wa maswali hajafunga hata mdomo, mkono wangu ulikuwa juu. "Sidney Poitier!" Mwalimu, mmoja wa kikundi chetu, akafumba macho. Hapo nikajua nimeharibu.

Jibu ni Hattie McDaniel, mwaka 1940, kama mwigizaji msaidizi wa kike. Poitier alishinda 1964, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuchukua ile ya mwigizaji bora. Sikuwa nimekosa kabisa, nilikuwa nimejibu swali lingine. Mama wa kikundi chetu, anayeuza omena, yaani dagaa, soko la Kibuye, aliniuliza kwa upole ule unaouma kuliko matusi: "Mwanangu, wanawake uliwaweka wapi?"

Tuko wanne. Mimi, mama huyo, binamu yangu wa bodaboda, na mzee jirani aliyestaafu ualimu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Mshindi hupata kreti ya soda, na maneno ya kutambia wenzake hadi mwezi ujao. Usiku ule kreti ilienda kwa vijana wa meza ya pili.

Kwa hiyo ukisikia neno "kwanza" kwenye swali, tulia. Wa kwanza wa nini, wapi, katika kundi gani? Waulizaji wanalipenda neno hilo kwa sababu linamshika mwenye pupa. Mwigizaji Lupita Nyong'o ni mfano mwingine wa mtego. Kisumu hapa, babake akiwa Profesa Anyang' Nyong'o aliyeingia ofisi ya gavana 2017, kila mtu anajua alishinda Oscar 2014. Basi muulizaji mjanja hulizungusha swali: alizaliwa wapi? Meza nzima italia "Kenya!" na pointi itapotea. Alizaliwa Mexico City, 1983.

Baada ya aibu ile, Mwalimu alinipeleka maktaba ya taifa, tawi la hapa mjini. Nilidhani atanipa kitabu kimoja kinene cha maswali na majibu. La. Alinitembeza kwenye rafu, kidole chake kikipita juu ya vibandiko vyeupe vya migongo ya vitabu, kuanzia 000 hadi 900. Mpango huo wa namba ni wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa 1876. Mambo ya maktaba zenyewe yako 020, vito 553.8, sanaa inaanzia 700, filamu 791.43, historia 900. "Hii ndiyo karatasi ya mtihani," Mwalimu akasema, "wamekuachia wazi na wewe hutaki kuisoma." Siku hizi kila mmoja wetu ana namba zake. Binamu alichukua historia kwa sababu, anadai, abiria humfundisha bure.

Mimi nilipewa vito, na huko ndiko nilikogundua kwamba Kiswahili chenyewe hunong'ona majibu. Wengi hushangaa wakiambiwa lile jiwe jekundu na lile la buluu ni madini ya aina moja, yaani korundamu, tofauti ikiwa ni chembe tu: kromiamu hulifanya jekundu, chuma na titaniamu huleta buluu. Lakini sisi tunaliita jekundu yakuti, na la buluu yakuti samawi. Jina ni moja, limeongezewa rangi ya mbingu tu! Zumaridi ni ukoo mwingine, madini ya berili. Na kuna mtego wa zamani: kito gani si jiwe? Lulu hutengenezwa na chaza, kaharabu ni utomvu wa miti uliogandamana kwa mamilioni ya miaka.

Kwenye vito ndipo pia tulipodhulumiwa, na bado sijasamehe. Tuliulizwa tsavorite, garneti ile ya kijani, ilipatikana kwanza nchi gani. Nikajibu Tanzania. Karatasi ya msomaji ikasema Kenya, kwa kuwa jina limetoka Tsavo. Ukweli ni kwamba mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata kwanza kaskazini mashariki mwa Tanzania, 1967. Ya upande wetu, Taita, ilifuata baadaye, na jina lilitolewa 1974 na kampuni ya vito ya Tiffany. Tulikuja kulalamika maswali mawili yamepita, tukaambiwa tumechelewa. Ukidhulumiwa, simama papo hapo, kwa adabu, na mwaka mkononi. Kelele bila tarehe hazikurudishii pointi.

Historia, anza na ya mlangoni kwako. Kisumu iliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli; mama huyo ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho wa reli Desemba 20, 1901. Hilo wengi wanalo. Lakini jaribu hili kwa jirani yako: siku hiyo Kisumu ilikuwa nchi gani? Uganda. Mpaka ulisogezwa 1902. Swali hilo moja lilimpa binamu yangu pointi tatu, na akatamba nalo stendi nzima kwa wiki mbili.

Sanaa haihitaji mengi. Jua kwamba mchoro wa Mona Lisa uliibwa makumbusho ya Louvre, Paris, 1911 na Vincenzo Peruggia, ukapatikana Florence, Italia, 1913. Kisha, kabla ya kukariri Ulaya yote, panda matatu ya Busia ukaone michoro ya mwambani ya Kakapel. Muulizaji wa huku ataiuliza siku moja, nakuapia.

Mwezi huu tumepangiwa 780, muziki. Mama wa omena amekataa katakata kufungua kitabu. Anasema sisi tusome hao Wazungu wetu wa piano, benga tumwachie yeye.