Usimtafute kwa jina

Dada, acha kungoja. Unasema mpwa wako alipanda basi la usiku Mombasa kwenda Nairobi, hajafika, simu imezimwa, na askari kakwambia urudi saa 24 zikitimia. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Rudi kituoni sasa hivi na usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Sisi tuliambiwa hayohayo kuhusu kaka yangu, tukarudi nyumbani tukakaa. Yule askari nikimkumbuka hadi leo natetemeka kwa hasira. Kaka alikuwa hai, amelazwa katika hospitali ya kaunti kando ya barabara hiyohiyo. Hospitali hiyo tuliipigia simu! Tukataja jina lake, wakatazama kitabu, wakasema hayupo. Hawakudanganya. Aliokotwa hana kitambulisho wala simu, kwa hiyo kitabuni alikuwa "mwanamume asiyejulikana". Akafa na jina hilo, na ndilo tulilomkuta nalo mochari.

Basi usiulize, "Mnaye fulani?" Uliza, "Mna mgonjwa asiyejulikana aliyeletwa tangu jana usiku?" Kisha omba kumwona kwa macho yako. Wodini kwanza, mochari baadaye.

OB ni ya kituo kimoja. Hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, polisi wako chini ya serikali kuu, na kila mochari ina daftari lake. Anayetafutwa na aliyeokotwa wanakutana wapi? Alama zetu za vidole serikali inazo tangu tulipochukua vitambulisho, lakini kaka yangu alilala pale na vidole vyake vyote kumi na hakuna aliyevipima. Shakahola, ule msitu wa Kilifi walikozikwa wafuasi wa mhubiri, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, Msalaba Mwekundu wakafungua dawati Malindi kuandikisha waliopotelewa na watu wao, na familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024 baada ya vipimo vya DNA. Kama msiba ule haukutosha kutupa rejista moja ya taifa, ya polisi, hospitali na mochari pamoja, sijui wanangoja nini.

Wewe usiingoje. Gawaneni barabara leo: mmoja Mariakani hadi Voi, mwingine Mtito Andei hadi Makindu na kuendelea. Bebeni picha, nakala ya kitambulisho, na mjue kovu lake liko wapi. Una mtu upande wa Voi? Kama huna, andika hapa sasa hivi.