Mteja wako akitaka kupanda jukwaani, panga kwanza Jumatatu yake

Jumatatu baada ya mashindano ya kutunisha misuli sikumpigia simu mteja wangu. Nilijiambia acha apumzike, amechoka. Ukweli ni kwamba Ijumaa tulikuwa tumeachana vibaya. Nilikuja kumwona baada ya wiki tatu, amesimama mlangoni mwa jimu kama mgeni, amevaa kandambili kwa sababu viatu vya kufunga havikumwingia tena. Nikainama nikambonyeza kwa dole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Pakabonyea, na nilihesabu mpaka nane kabla ya nyama kurudi mahali pake. Mizani ikasoma kilo 86. Siku ya mashindano alikuwa na 76.

Naandika haya kwa makocha wenzangu, hasa sisi tunaofundisha watu wa kawaida: wenye vitambi, akina mama waliojifungua, wazee wa sukari. Ipo siku mmoja wao atakuja akuambie anataka kushindana kutunisha misuli. Utafurahi, kama nilivyofurahi mimi.

Jimuni tulimwita Fundi, kwa sababu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na nondo za madirisha huko Mwananyamala. Alikuja kwangu akilalamika mgongo. Mgongo ukapona, akabaki, na baada ya miaka mitatu ya kupiga chuma mwili ukamkubali hasa: mabega mapana na kile kiuno chembamba ambacho mtu huzaliwa nacho, hakitafutwi. Aliposikia kuna mashindano, zilikuwa zimebaki wiki 12. Akaniambia, "Mwalimu, na mimi nataka kupanda." Alikuwa na kilo 84 na alitaka daraja la wasiozidi kilo 75.

Nikapiga hesabu papo hapo. Kilo 9 kwa wiki 12 ni robo tatu ya kilo kila wiki, chini kidogo ya asilimia moja ya uzito wake. Huo ni mwendo mzuri. Mtu akishuka kwa kasi kuliko hapo, misuli nayo huanza kuondoka pamoja na mafuta. Protini tukaiweka gramu 170 kwa siku, na hatukununua kopo hata moja la unga wa dukani: mayai, dagaa wakavu, kifua cha kuku, maharage. Ugali ukapungua, mchicha na matango vikaongezeka. Hadi hapo sijutii chochote.

Ninachojutia ni kwamba hesabu yangu iliishia jukwaani. Sikuhesabu kazi yake, sikuhesabu nyumba yake, na sikuhesabu siku inayofuata baada ya taa kuzimwa.

Kazi ndiyo iliyonizindua kwanza. Wiki ya tisa alikuwa juu ya ngazi, ameshika fremu ya dirisha, jua la saa saba, tumboni ana mayai matatu ya alfajiri. Kizunguzungu kikamjia. Kijana wake wa kazi alimdaka kwa mkanda wa suruali. Aliniambia baada ya siku mbili, tena kwa kupitia tu, tukiwa kati ya seti. Nilishindwa kulala usiku ule. Kesho yake tulihamisha chakula: viazi vitamu viwili na mayai saa nne asubuhi, kabla hajapanda kokote, na kazi za juu akawa anazimaliza kabla ya adhuhuri. Kalori zilikuwa zilezile, zilibadilika saa tu. Kwa hiyo kabla hujamwandikia mteja chakula, muulize mikono yake inafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Dereva wa bodaboda, mpishi, muuguzi wa zamu ya usiku, kila mmoja ana saa yake ambayo njaa inaweza kumuumiza yeye au mtu mwingine.

Nyumbani ilikuwa tofauti kidogo. Mkewe alinipigia simu usiku. "Shemeji, samahani kwa saa hizi. Huyu mwenzangu mnamfanya nini? Watoto wanamwogopa." Akasimulia kwamba anakula peke yake uani, hataki harufu ya maandazi ndani ya nyumba, na hajamgusa mkewe kwa mwezi mzima, hata mke anadhani kuna mwanamke mwingine. Nikamweleza kile nilichopaswa kumweleza tangu wiki ya kwanza: mwili uliokaushwa mafuta kiasi hicho huona ni wakati wa njaa, hupunguza homoni ya kiume, na hamu ya tendo la ndoa hushuka au hupotea kabisa. Kwa mwanamke, hedhi inaweza kukatika. Kwa kawaida hali hurejea mtu akianza tena kula, lakini huchukua wiki, na kwa wengine miezi. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Si mngeniambia." Ndiyo, tungemwambia. Siku hizi simpokei mteja wa jukwaa kabla sijakaa na mwenzi wake, yeye akiwepo.

Kitu kimoja nilikifanya vizuri, nacho ni kukubali nisichokijua. Sijawahi kushindana. Pozi zina ufundi wake: kuna saba za lazima, na majaji wanaweza kukuacha umebana mwili mzima huku wakikulinganisha na mwenzako, mapaja yanatetemeka, uso unatakiwa utulie. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa Temeke aliyeshindana enzi zake. Mzee alimwangalia Fundi akipiga pozi mbele ya kioo, akachukua shuka akakifunika kioo. "Jukwaani hakuna kioo, mwanangu. Mwili uusikie, usiuangalie." Wakawa wanafanya dakika 20 kila jioni hivyo, kwa wiki tano. Nilijifunza mengi nikiwa nimekaa pale kwenye benchi.

Sasa niseme habari ya Ijumaa.

Alhamisi jioni mizani ilisoma 76.3. Kupima rasmi ni Ijumaa saa kumi jioni. Ijumaa asubuhi akaja na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, amepewa na mtu jimu nyingine. Nilivitambua: dawa za kukojoza, zile wanazoandikiwa wagonjwa wa moyo na wa presha. "Mwalimu, ni kilo moja na ushei tu. Ni maji, si nyama."

Hapo nataka kila kocha asimame na asisogee. Vidonge hivyo havitoi maji peke yake. Vingi huondoka na potasiamu pia, madini yanayosaidia umeme unaoupigisha moyo. Ikishuka mno, moyo unaweza kupoteza mapigo yake kwa mtu mwenye nguvu zote, aliyekausha mwili, anayependeza kwa macho. Mwaka 1992 Mohammed Benaziza, Mfaransa mwenye asili ya Algeria na mmoja wa wakubwa wa dunia katika mchezo huu, alifariki baada ya kupanda jukwaani Uholanzi, na kukaushwa maji kupita kiasi ndiko kulikotajwa. Machi 1996 akafuata Andreas Münzer wa Austria, miaka 31, viungo vya ndani vimeshindwa kazi, baada ya miaka ya madawa. Hawa walikuwa na fedha na wataalamu. Fundi alikuwa na mimi.

Tena hata kwa ajili ya jukwaa lenyewe ni hasara. Misuli karibu robo tatu yake ni maji. Ukiyakamua maji, msuli unasinyaa na unalala bapa, na ile kazi ya miezi haionekani.

Nikamwambia ataingia daraja la juu yake, wasiozidi kilo 80, au hapandi na mimi. Alijua maana yake: atasimama na watu waliomzidi kilo tatu, nne. Akaniita mwoga. Nikachukua vidonge nikavimwaga chooni mbele yake. Jumamosi akapanda katika lile daraja, mdogo kuliko wote, akawa wa nne kati ya saba. Nilikuwa ukumbini. Pozi ya mgongo, mikono juu, alipoifungua watu walipiga kelele, na mzee wa Temeke akafuta macho. Fundi alishuka kwa upande wa pili na kuondoka bila kunisemesha.

Na mimi nikasusa. Hili ndilo kosa langu kubwa, kuliko yote. Niliona nimeokoa maisha yake, basi anitafute yeye. Kumbe kipindi kigumu kilikuwa kinaanza. Mtu aliyeishi na njaa wiki 12 hapati shibe kwa sahani mbili. Homoni inayoubeba ujumbe wa shibe imeshuka pamoja na mafuta yake. Fundi alianza na chipsi mayai usiku uleule, akaendelea na soda, mishkaki, chapati, mkate mzima kwa kikao kimoja. Wanga na chumvi vikarudi kwa mafuriko, maji yakafuata. Wiki ya kwanza watu mtaani walimsifu. Ya pili alianza kujificha. Aliiondoa ile picha ya jukwaani ukutani, aliniambia baadaye, kwa sababu hakuweza kula akiitazama na hakuweza kuacha kula.

Siku aliyokuja na kandambili nilimpeleka hospitali kabla ya kumpa ushauri wowote. Figo zilikuwa salama, presha 150 kwa 95. Daktari alitaka arudi kupimwa kila wiki, na presha ilishuka taratibu ndani ya mwezi na nusu. Fanya hivyo wewe pia: uvimbe wa miguu usiutibu kwa maneno ya jimuni.

Baada ya hapo tulifanya kile kilichopaswa kuandikwa tangu mwanzo. Milo minne yenye saa maalumu, ili njaa isichague. Chakula cha usiku mezani na watoto, sufuria moja na wao. Mazoezi mara tatu kwa wiki, mepesi, bila kioo. Mizani mara moja kwa wiki, naishika mimi. Uzito alitakiwa kuongeza, hilo nalo nilimwambia waziwazi. Kukaa na mafuta machache mwilini kama ya siku ya jukwaa, mwaka mzima, huleta ugonjwa. Alitulia kwenye kilo 83, na shemeji akanitumia ujumbe mfupi: "Ameomba pilau."

Amesema anarudi tena jukwaani. Safari hii tuna wiki 20, daraja la kilo 80 tangu siku ya kwanza, na daftari jipya tumelianza kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho ndio ulioandikwa kwanza: Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uji, mayai mawili, ndizi moja, mwalimu anakuja nyumbani. Shemeji ameongeza kwa mkono wake chini: na chai ya mwalimu.