Wali wa nazi usigeuke mashendea

Dada yangu, nimekuelewa: nyumbani wamechoka na wali wa maji na chumvi, na kila ukijaribu kutia nazi unatoka mashendea, yaani wali wa majimaji uliorojeka. Nami nilianza hivyo hivyo. Kosa ni kumimina tui lote kwa pamoja.

Kwa vikombe 2 vya mchele, ukune nazi moja kubwa. Kamua tui zito kikombe 1, liweke kando. Rudia machicha kwa maji ya vuguvugu upate tui jepesi vikombe 3. Lichemshe hilo jepesi na chumvi, iliki 3 za kuponda na kijiti cha mdalasini, huku ukikoroga lisikatike. Tia mchele. Ukianza kukauka, yaani ukiona vishimo juu ya wali, ndipo umimine tui zito. Geuza mara moja tu, funika, palia makaa juu ya kifuniko. Kwa gesi, weka moto mdogo kabisa, dakika 15. Harufu yake itafika kwa jirani!

Viungo nunua vizima pale soko la Marikiti, Mombasa. Vya unga vilivyokaa havina harufu tena.

Ila tafadhali, kwa joto letu la Mombasa wali wa nazi huchacha upesi. Usiuache nje zaidi ya muda wa saa mbili. Uliolala nje mwage, maana kuupasha moto hakuondoi sumu. Mtoto akiula akatapika mfululizo au akalegea, mkimbize hospitali.