Maswali ya Wasomaji: Mapengo ya Propela, Ncha Zisizolingana na Grisi Inayomwagika

Swali. Narusha ndege ndogo ya Cessna 206 kutoka Kajjansi, Uganda, kwenda viwanja vya changarawe upande wa Karamoja. Karibu kila nikirudi nakuta vipengo vidogo kwenye ukingo wa mbele wa mabapa ya propela. Fundi mmoja ananiambia nisubiri ukaguzi wa saa 100, mwingine anataka kupiga tupa papo hapo. Nimsikilize yupi? (Rubani, Kajjansi)

Jibu. Mwenye tupa ndiye mwenye hoja, ila muulize kwanza kama ana kitabu cha mtengenezaji wa propela mkononi au anakwenda kwa mazoea.

Propela ikizunguka, kila bapa linavutwa kuelekea nje kwa nguvu ya tani kadhaa, na wakati huohuo linatetemeka kwa mapigo ya injini. Uso wa alumini ukiwa hauna alama, mzigo huo hugawanyika. Penye pengo lenye ncha kali chini yake, mzigo hukusanyika hapo. Ufa huanzia ndani ya pengo, hurefuka kidogo kila safari bila kuonekana kwa macho, kisha kipande cha ncha kinakatika. Kikikatika, uzito haulingani tena, na mtikisiko wake unaweza kung'oa injini kwenye fremu. Kwa hiyo usihangaishwe na ukubwa wa alama. Mkwaruzo mpana usio na kina unaweza kuwa na madhara kidogo kuliko kipengo chembamba kinachonasa ukucha.

Kabla ya kugusa bapa, hakikisha magneto (vifaa vinavyozalisha cheche za injini) zimezimwa, ufunguo uko mfukoni na magurudumu yana vizuizi. Hata hivyo ichukulie propela kama iliyo hai: waya wa kuzimia magneto ukikatika, injini inaweza kushika kwa kusukumwa robo mzunguko tu.

Fundi mwenye leseni aoshe bapa, apime kina cha pengo na kukilinganisha na kiwango cha kitabu. Tupa laini ianzie chini ya pengo na kutoka taratibu pande zote mbili, ikifuata urefu wa bapa. Urefu wa eneo linalolainishwa, kwa kanuni iliyozoeleka, ni mara 10 ya kina kwenye ukingo, na mara 20 likiwa kwenye uso wa bapa. Pengo la milimita 1 ukingoni, basi, linaacha bonde la milimita 10. Usiruhusu kazi hiyo iwe mstari unaokatiza upana wa bapa, maana utakuwa umetengeneza mahali pa kukatikia. Baada ya hapo ni msasa laini mpaka alama za tupa ziishe, lenzi ya kukuza mara 10, kisha dawa ya rangi ya kufichua nyufa. Upana na unene uliobaki upimwe: ukishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, bapa hilo halirudi kazini. Mwishoni ni rangi, kwa kuwa alumini tupu kwenye unyevu wa Ziwa Victoria haikawii kuota mabaka meupe ya kutu, halafu kazi iandikwe kwenye daftari la propela.

Kuna wanaojaza pengo kwa gundi ya epoksi na kupaka rangi juu. Huko ni kuuficha ufa usije ukaonekana.

Kuhusu changarawe yenyewe, kosa kubwa ni kusimama mwanzo wa kiwanja na kupandisha nguvu yote. Hewa inayofyonzwa chini ya propela huinua kokoto na kuzitupa kwenye mabapa. Pima injini mahali pagumu palipofagiwa au kwenye majani mafupi, na wakati wa kuruka ongeza nguvu polepole ndege ikiwa tayari inabingirika, mradi urefu wa kiwanja unaruhusu.

Swali. Tumefundishwa kupima kama ncha za mabapa zinapita njia moja, lakini hatukuelezwa tofauti ikionekana inatoka wapi. (Mwanafunzi wa ufundi, Soroti)

Jibu. Tukumbushe kipimo kwanza kwa wengine. Toa plagi moja kila silinda ili injini izunguke kwa wepesi, simamisha ubao mzito karibu milimita 6 kutoka ncha ya bapa, weka alama, kisha leta bapa linalofuata mahali palepale. Kwa propela ndogo za metali tofauti isizidi milimita 1.6, na za mbao milimita 3.2.

Ikizidi, shuku vitu vinne: bapa limepinda, kuna uchafu au rangi kati ya propela na flenji (bamba la injini linalofungiwa propela), bolti hazikukazwa kwa nguvu sawa, au flenji ya kombo (shafti kuu ya injini) imepinda. Anza na viwili vya katikati kwa sababu ni rahisi: fungua, safisha, kaza upya kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kitabu. Ikiwa tofauti imebaki na propela ni ya mabapa mawili yasiyobadili pembe, izungushe nusu mzunguko kwenye flenji upime tena. Kasoro ikihama pamoja na bapa, mgonjwa ni propela. Ikibaki upande uleule wa flenji, mgonjwa ni kombo. Ukimaliza, irudishe kwenye nafasi iliyoelekezwa na mtengenezaji wa ndege. Wengi husahau hapa, halafu wanashangaa mtikisiko umetoka wapi.

Swali. Tulitia grisi propela ya Hartzell, kesho yake mabapa yamechafuka grisi. Sili (vizuizi vya kuzuia grisi isivuje) zimekufa? (Fundi msaidizi, Entebbe)

Jibu. Yaelekea mmeijaza kupita kiasi. Kwenye kila bapa kuna nipeli mbili (vichwa vidogo vya kutilia grisi): unatoa moja, unapampu kwenye nyingine, na unaacha mara grisi inapotokea tundu lililo wazi au ukifika mililita 30, lolote litakalotangulia. Ukipampu bila kutoa nipeli ya pili, shinikizo linaisukuma sili itoke mahali pake. Grisi kidogo ikirushwa mara baada ya huduma na ikakoma, sawa. Isipokoma, sili ikaguliwe. Na msichanganye aina mbili za grisi, soma kibandiko.

Baadhi ya propela za McCauley zina mafuta yaliyotiwa rangi nyekundu ndani ya kitovu (sehemu ya katikati inayoshika mabapa). Mkiona michirizi myekundu kwenye shina la bapa, ndege isiruke mpaka ijulikane ni sili au ni ufa.

Swali. Naosha ndege. Naweza kutumia mashine ya maji ya shinikizo kuondoa wadudu kwenye propela? (Kasese)

Jibu. Hapana. Maji hupenya sili na kukaa kitovuni. Tumia sabuni laini, maji na kitambaa au brashi laini, kisha kausha. Brashi ya waya na steelwool ziache jikoni.

Swali. Ndege yangu iligonga kichuguu ikitembea ardhini. Ncha moja imepinda kidogo, injini haikuzima. Fundi anasema atainyoosha hapahapa. (Mmiliki, Gulu)

Jibu. Mkataze. Kunyoosha bapa ni kazi ya karakana ya propela iliyoidhinishwa, yenye vipimo vya mpindo unaoruhusiwa kwa kila sehemu ya bapa; karibu na shina mpindo mdogo tu unatosha kulitupa. Injini nayo ina kesi yake, kwa kuwa watengenezaji wa injini Lycoming na Continental wote huhesabu tukio kama hilo kuwa propela imegonga, hata injini ikiendelea kunguruma. Kombo, gia na pini zake vinahitaji kufunguliwa na kukaguliwa. Usiiwashe tena kujaribu. Piga picha, pima umbali wa ncha iliyopinda kutoka kitovuni, andika tukio kwenye madaftari ya propela na injini, na propela isafirishwe pamoja na gavana yake (kifaa kinachoongoza pembe ya mabapa) ikiwa ni ya kubadili pembe.