Kuhusu kuroweka bangi kwenye spiriti

Assalaam aleikum, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama unaweza kumrowekea mama bangi kwenye spiriti kwa maumivu ya magoti, kisha uichemshe ipungue. Nakusihi usifanye hivyo. Mvuke wa spiriti hauonekani. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa, ukashika moto ghafla, na spiriti isiyo ya kunywa mara nyingi huwa na methanoli, ambayo hata kidogo yake huweza kumpofusha mtu. Tena bangi inayomezwa huchelewa, pengine saa 2, mtu akadhani haijafanya kazi akaongeza, na mzee akaanguka kwa kizunguzungu. Isitoshe, kuwa nayo ni kosa la jinai Zanzibar. Mpeleke mama hospitali akapimwe magoti, na umtajie daktari dawa zote anazotumia, hasa za presha.