Kupiga picha ndege kutoka ndege nyingine: nani mwenye ruhusa ya kusema "sogea"?

Mkuu, umeuliza kama marubani wawili wazoefu wanaweza kuruka bawa kwa bawa kwa ajili ya picha bila mafunzo ya ziada. Hapana. Mimi huendesha ndege ya kamera. Rubani hufunzwa miaka yote kukaa mbali na ndege nyingine. Kuikaribia kwa makusudi ni ufundi mwingine kabisa.

Wengi huogopa upepo. Mimi namhofia zaidi mpiga picha (wasinichukie). Jicho likishaingia kwenye kamera haoni kingine, na hatosheki: "asogee kidogo, kidogo tena." Kwangu haongei na rubani wa ndege inayopigwa picha. Ananiambia mimi, naamua mimi. Akitaka ndege ionekane kubwa, abadilishe lenzi. Umbali tuliokubaliana ardhini huweza kuongezwa angani, haupunguzwi.

Tarehe 8 Juni 1966, kule California, ndege tano ziliruka pamoja kwa picha za matangazo ya injini za General Electric. F-104, ndege ya kivita iliyorushwa na Joe Walker, ikagongana na XB-70, ndege kubwa ya majaribio. Walker na Carl Cross, rubani msaidizi wa XB-70, wakafariki. Na hao walikuwa marubani wa majaribio.

Kiongozi awe mmoja, ageuke polepole na atangaze kabla ya kugeuka. Anayefuata asimwondolee macho. Akimpoteza, hata kwa sekunde, asianze kumtafuta: ajitenge kuelekea upande mliopanga, aseme redioni, na asirudi mpaka amwone na aruhusiwe. Hatari kubwa iko wakati wa kujiunga, maana ukilaza ndege vibaya, tumbo lake ndilo linalomficha mwenzako. Ukiona unamjia kasi mno, pita nyuma na chini yake huku unamwona, uanze upya. Wekeni pia neno moja la kusitisha. Yeyote akilitamka mnaachana, maswali mtaulizana mkishatua.

Mlango ukitolewa, hanesi ya mpiga picha (mikanda ya usalama anayovaa mwilini) ifungwe kwenye mwili wa ndege, na kisibaki kitu kilicholegea, hata kifuniko cha lenzi. Kikichomoka kinaweza kupiga mkia.

Someni na sheria za kwenu. Marekani, kwa mfano, ni marufuku kubeba abiria wa kulipa mkiruka kwa pamoja namna hii.

Tafuteni mwalimu wa kuruka kwa pamoja, na safari za mwanzo kamera ibaki chini.